Dirii Kumi na Mbili na Mafuta ya Mama

Kwako Dada Spesi,

Amahoro, dada yangu. Nakusalimu kutoka huku Dar es Salaam, na kupitia kwako namsalimu shemeji na watoto wote wa hapo Kibondo. Mimi ni mzima, isipokuwa mikono, na habari ya mikono utaipata humu ndani. Kifua cha mtoto wa mwisho kimepoa? Mvua zimeshika, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wenzenu? Na Mama je? Niambie ukweli kuhusu Mama, usiniambie "yupo tu" kama ulivyozoea. Ukienda kumwona kule Kagerankanda, anakula? Anatoka nje kuota jua, au bado anakaa ndani na khanga begani akingoja nani sijui?

Barua yako nimeipata kwa yule mama mfanyabiashara wa maharage, pamoja na kifurushi. Urakoze sana. Utauliza kwa nini na mimi naandika badala ya kupiga simu. Dada, simu ya nyumbani kwetu huwekwa sauti ya juu, watu wanane wakaizunguka, na jirani akasogeza kigoda karibu na dirisha. Haya ninayotaka kusema si ya watu wanane.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, muuguzi alikuambia kwamba Alhamisi ile, ulipotoka kwenda kuchukua uji, Baba alibaki na simu sikioni akacheka mpaka akakohoa. Unataka kujua alicheka nini, maana wewe uliyemuuguza siku zote zile hukumwona akitabasamu. La pili limetoka kwa wazee. Siku ya kuganduka, tutakapovua msiba, je, nitakuja kuketi kwenye kigoda cha Baba na kuonjeshwa pombe ya ndizi kabla ya wengine, kama mtoto wa kiume wa kwanza? Au aketi Baba mdogo Filberti? Nilipoyasoma maswali hayo niliona ni mawili. Nilipokaa kuyajibu nikaona jibu lake ni kisa kimoja, tena kisa chenyewe kinaniaibisha. Tafadhali kisome peke yako kwanza.

Unajua karakana yetu inatengeneza matangi ya maji na mabafu kwa faibaglasi, yaani vile vitambaa vya nyuzi za kioo tunavyovilowesha dawa vikaganda vigumu kama jiwe. Kabla ya Pasaka, kanisa moja la hapa mjini lilituletea kazi ambayo hatujawahi kuiona. Walikuwa na igizo la mateso ya Bwana, na walitaka askari kumi na wawili wa Pilato wavalishwe kweli, dirii kifuani na chapeo kichwani, si yale maboksi tuliyovaa sisi utotoni tukaloana na mvua tukabaki na kaptula. Bosi wangu, Bosi Salumu, ni Mwislamu wa swala tano, lakini dirii zile alizitengeneza kwa uangalifu kana kwamba Pilato mwenyewe angekuja kuzikagua. Akaniita akasema, "Medadi, wewe ndiye Mkristo hapa, na wewe ndiye mwenye mkono wa rangi. Hizi ni zako."

Nilifurahi, Dada. Unajua mkono huo niliutoa wapi, kwa Baba na baiskeli zake. Kazi yenyewe ilikuwa kupuliza dhahabu kote, kusubiri ikauke, kisha kuziba dhahabu kwa tepu ya karatasi na kuacha wazi mabega na mkanda wa kifuani, halafu kupuliza nyekundu, na mwisho kubandua tepu. Ukibandua, mpaka wa dhahabu na nyekundu unatakiwa uwe mnyoofu kama umekatwa kwa wembe. Dirii nne za kwanza zilitoka hivyo. Bosi alizitundika mlangoni, watu wakawa wanasimama kupiga picha.

Jumamosi ile ndipo ilipofika chupa ya Mama. Sasa hapa ndipo nakuomba, ukija kumsomea Mama barua hii, uruke. Baba mwenyewe aliniagiza asiambiwe, utaona kwa nini. Mama alisikia kutoka kwako kwamba mikono yangu imepasuka kwa thina na zile nyuzi, akapika mafuta ya mise, akayatia kwenye chupa ya soda, akafunga kizibo kwa mpira na kitambaa. Nilipofungua, dada yangu, nililia mtu mzima mimi. Ile harufu ya kokwa za michikichi zilizokaangwa ni mgongo wa Mama, tulipokuwa tunabebwa. Nikawa napaka kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nanawa kwa sabuni, naondoka. Mikono ikaanza kupona.

Jumatatu rangi ikaanza kunikataa. Nilipuliza dhahabu kwenye dirii ya tano, na mbele ya macho yangu ikaanza kukimbia, ikaacha vishimo vidogo vya duara kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nikafuta, nikarudia. Vikarudi. Nikasema labda ni ile nta tunayopaka kwenye kalibu ili kazi isigande humo, nikaiosha dirii kwa sabuni, nikaipiga msasa mpaka vidole vikawa moto. Vikapungua kidogo, nikashukuru Mungu mapema. Nikaziba kwa tepu, nikapuliza nyekundu, na nilipobandua nikakuta nyekundu imepenya chini ya tepu, mpaka umekuwa kama meno ya msumeno. Mahali pengine tepu iliondoka na dhahabu yote, ikaacha faibaglasi uchi.

Jumanne nikalaumu maji kwenye kompresa, nikayamwaga. Nikalaumu tepu, nikaenda kununua nyingine duka la mbali. Nikalaumu hewa ya pwani, maana huku hata chumvi inalia kwenye kopo. Bosi akachukua dirii moja akaipuliza mwenyewe, kwa bomba lile lile, rangi ile ile. Ikatoka safi. Wenzangu hawakukosa la kusema. Unajua wanavyotutania sisi Waha kwa uchawi. "Medadi, umekuja na nini kutoka kwenu? Wagawie na jirani!" Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naungua. Kwa watu wale mimi nilikuwa fundi, na sasa nilikuwa kichekesho.

Jumatano ukanipigia kwamba Baba, aliyekuja kwako kusalimia tu, amelazwa hapo Kibondo na hali si nzuri.

Dada, nasema sasa kile nilichoandikia barua hii. Niliwaambia nyote kwamba bosi alininyima ruhusa. Ni uongo. Nilipomaliza kuongea na wewe, Bosi Salumu aliniona uso wangu akauliza, nikamweleza. Akasema, "Kesho alfajiri panda basi. Zilizobaki nitazimalizia mimi." Nikamjibu, "Niache nimalize." Akasema tena, "Baba ni mmoja, Medadi. Dirii hizi hata zikitoka mbaya Pilato hatalalamika." Nikamwambia nitaondoka nikimaliza. Sikubakishwa na mtu. Nilibaki kwa sababu ya kiburi. Nilikuwa nimechekwa siku tatu, na nilitaka siku ya kuondoka waseme Medadi ameondoka akiwa fundi, si kwamba amekimbia kazi iliyomshinda. Nilijidanganya kwamba Baba ana nguvu, kwamba mzee aliyepanda mlima wa Munanila na baiskeli mgongoni hafi kwa homa ya siku nne.

Alhamisi nikampigia kumjulia hali. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilitaka kumuuliza anaumwa wapi, yeye akaniuliza kazi inaendaje. Unamjua. Hata angekuwa anashushwa kaburini angeuliza nani amelipaka rangi lile jeneza. Nikamweleza, kwanza kwa kifupi, halafu nikajikuta namwaga yote kama mtoto aliyepigwa shuleni.

"Hivyo vishimo ni vya duara?" akauliza.

"Ego, Baba. Vya duara."

"Viko kazi nzima, au pale unapoishika?"

Sikuwa nimetazama hivyo. Nikaenda na simu mpaka kwenye dirii, nikainama. Vilikuwa vingi kwenye kingo na mabegani, pale ninapoinyanyua. Kwenye moja nikaona vinne vimepangana mstari. Nikaweka vidole vyangu juu yake, vikaingia sawasawa.

"Vinne kwa mstari, Baba. Ni vidole vyangu."

"Nusa mikono yako."

Nikanusa.

"Inanuka nini?"

"Inanuka nyumbani," nikasema.

Ndipo alipocheka, Dada. Hicho ndicho alichocheka. Alicheka kile kicheko chake cha puani, akakohoa, akacheka tena. "Mama yako huyo!" akasema. "Mama yako huyo, mwana wanje!" Akanihadithia kwamba mwaka aliomwoa Mama alipewa kazi ya kupaka baiskeli ya katekista kule Kasulu, rangi nyeusi na mistari ya njano. Rangi ikamkataa siku mbili. Akaenda sokoni akagombana na muuza rangi mpaka watu wakajaa. Kumbe bibi arusi alikuwa anamkanda mikono kwa mise kila jioni. Hakumwambia. Akaamua kuyapaka siku za Jumamosi tu, na Jumatatu asubuhi ananawa kwa majivu kabla ya kushika kazi. "Miaka yote hiyo hajui," akasema. "Na wewe usimwambie. Ataacha kutupaka."

Mimi nilikuwa nadhani yale majivu ya Jumatatu ni desturi ya mafundi wote. Nimekua nikimwona ananawa pale nyuma ya jiko, na sikuwahi kumuuliza.

Kisha akanifundisha, pole pole, akipumzika kati ya maneno. Ninawe kwa majivu mpaka mkono ulie ukiusugua. Niioshe kazi kwa sabuni, nipige msasa upya, kisha nifute kwa thina kwa vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kingine cha kukausha, nisirudishe kile kile. Nisiishike tena kwa kiganja. Tepu niikandamize ukingoni kwa ukucha. "Halafu kabla ya nyekundu," akasema, "puliza tena dhahabu kidogo juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna upenyo, iwe dhahabu ndiyo iliyopenya. Haitaonekana." Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kwenye baiskeli, akitumia gazeti lililobandikwa kwa uji wa muhogo badala ya tepu. Na kubandua, nisingoje ikauke kabisa. "Ukingoja sana inang'oka na ngozi yake."

Nikamwambia, "Urakoze, Baba. Bosi ameniruhusu kuja."

Akasema, "Maliza, halafu uje."

Basi ulirudi na uji, akakupa simu, wewe na mimi tukaongea habari za dawa.

Dada, nimelitafuna neno hilo tangu siku ile. "Maliza, halafu uje." Nimejaribu kuliegemea. Nimejiambia kwamba nilimtii baba yangu. Lakini wewe na mimi tunamjua. Baba hakuwahi kusema anataka kitu. Akiwa na njaa alikuwa anauliza kama watoto wamekula. Mtu wa namna hiyo akisema "uje," hata akiliweka nyuma ya neno jingine, ni kwamba anakuita. Mimi nilichukua lile la kwanza kwa sababu ndilo nililolitaka.

Nilimaliza kweli. Ijumaa na Jumamosi nilifanya kama alivyosema, hatua kwa hatua. Rangi ilikaa. Hakuna kishimo hata kimoja. Jumamosi nilikuwa nabandua tepu ya dirii ya mwisho, mpaka umetoka mnyoofu, nikasema kwa sauti, "Baba, tazama." Ndipo simu yako ikaingia kwamba aliondoka alfajiri, na kwamba mmekuwa mkinitafuta tangu asubuhi. Sikuwa nimeisikia simu kwa kelele za kompresa. Nimepiga hesabu hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Ningepanda basi la Alhamisi, Ijumaa jioni ningekuwa kando ya kitanda chake.

Mkasema mnamzika Jumapili Kagerankanda. Basi la Jumapili lingenifikisha Jumatatu, udongo ukiwa umeshashindiliwa. Baba mdogo akauliza kwenye simu, na nyote mkisikia, "Uko wapi wewe?" Na mimi nikasema, "Bosi amekataa." Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyojikinga uso kwa mkono. Baada ya hapo kila nikitaka kuja naona nitakuja na uongo ule begani, nikakaa. Kisha ukaniandikia kwamba Mama kila sala ya jumuiya anamwombea mabaya yule bosi mwenye moyo wa jiwe aliyemtenga mwanawe na baba yake. Dada, siwezi tena. Bosi Salumu ndiye aliyezibeba dirii zile kanisani kwa niaba yangu, na aliporudi alinipa mkono wa pole akakaa na mimi mpaka adhana. Mama anamlaani mtu aliyetutendea wema.

Kwa hiyo naomba uende Kagerankanda ukakae na Mama, nyinyi wawili tu. Msomee kuanzia pale bosi aliponiruhusu. Habari ya mafuta ruka, kama Baba alivyoagiza. Mwambie Baba alicheka nami kwa habari za kazi, na ni kweli. Mwambie nilibaki kwa kiburi changu. Akilia mwache alie, akinitukana usinitetee. Ukimaliza, muulize yeye, si wazee, nani aketi kwenye kigoda. Akisema Baba mdogo Filberti, basi ni yeye, na mimi nitaketi na wageni kule nyuma na sitanuna. Ila nitakuja. Bosi ameshanipa siku, na safari hii sina kazi ya kumaliza. Siku mbili kabla ya kuganduka nitashuka stendi ya Kasulu. Asiyetaka kunipokea na asije, nitatembea.

Nisalimie shemeji, mwambie ile radio yake nimeipatia fundi. Nisalimie Baba mdogo Filberti, na kwake yeye nitaomba radhi kwa mdomo wangu. Nisalimie shangazi wa Munanila aliyemwosha Baba, kazi ambayo kwa haki mimi ningesimama karibu nikiteka maji. Nisalimie yule muuguzi aliyesikia kicheko, mwambie nashukuru alikisikia na yeye, maana siku nyingine huwa nadhani nilikiota. Na wewe, Dada Spesi, wihangane, jipe moyo. Wewe ulikuwepo kwa ajili yetu wote.

Kuna jambo moja limebaki. Ndani ya kifurushi chako nimekuta Mama ametuma chupa nyingine ya mise. Imekaa juu ya sanduku siku sita nikiiogopa. Leo ni Jumapili, karakana imefungwa. Nimeifungua, nikapaka mikono yote miwili mpaka viwikoni, kisha nikakaa kukuandikia. Utaona karatasi hii ina madoa pembeni, na mahali pengine wino umekimbia maneno yakakatika. Hapo ndipo nilipoishika. Nilifikiri kuiandika upya kwenye karatasi safi, nikaiacha hivi hivi. Ukishamsomea Mama, mpe aishike. Hajui kusoma, lakini harufu ataijua.

Ni mimi mdogo wako,

Medadi